Yahye Alivyomfua Papa Mkubwa

Yahye alikuwa dalali wa ngamia pale soko la mifugo la Garissa, na ulimi wake haukuwa na P. V nayo hakuwa nayo. Wasomali wengi wa kwetu hutamka hivyo na hakuna anayeshangaa: paka anakuwa baka, viatu vinakuwa fiatu, na soko linaendelea. Mimi, Buya, ni Mmalakote wa mtoni. Nimekulia kati yao, na masikio yangu yalikwisha zoea kusikia wanachotaka kusema badala ya wanachosema. Nilikuwa dereva wa Yahye, na tulipotoka nje ya Garissa nilikuwa pia mkalimani wa Kiswahili chake kwa Waswahili. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu mzima mwenye afya yake aliwekewa matanga mtaani kwetu Waberi kwa ajili ya herufi moja, na watu bado wananiuliza mimi nilikuwa wapi.

Baba yake Yahye alikufa mtoto hajaacha ziwa. Aliyemlea ni ndugu mkubwa wa marehemu, Ahmednoor. Kwa Kisomali ndugu wa baba huitwa adeer, awe mkubwa awe mdogo, neno ni hilo hilo. Kwa Kiswahili Ahmednoor alikuwa baba mkubwa wa Yahye, na hivyo ndivyo sisi tusio Wasomali tulivyomwita mtaani.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu kama ukuni. Ujanani aliua simba kwa mkuki kisimani, na tangu siku hiyo hakumwogopa mtu wala kumsifu mtu. Alimlea Yahye kwa maziwa, Kurani na fimbo, akamfundisha kumtambua ngamia kwa nyayo zake tu, na hakumwambia hata mara moja kwamba amefanya vizuri. Yahye aliota ndevu, ndevu zikajaa, bado anasubiri. Katika hesabu ya mzee huyu, wanadamu ni wa aina mbili: wenye mifugo, na wala samaki. Mla samaki ni mtu aliyefilisika mpaka akaanza kutafuna wadudu wa majini.

Aliyetuharibu ni Shee. Huyu alikuwa Mbajuni wa Kismayu, vita vilimtoa kwao, akaishia kuuza tambuu na tende kwenye kibanda nyuma ya soko. Mtu wa bahari kuishi Garissa ni adhabu. Alikaa pale katika vumbi akisimulia habari za bahari jinsi wengine wanavyosimulia mchumba, na Yahye, ambaye bahari aliiona mara moja tu alipopeleka mafahali Malindi, akaionja na kuuliza kwa ukali nani ametia chumvi, alikaa akimsikiliza mpaka chai ikapoa.

Siku moja akaniambia, "Buya, tia mafuta kwa gari. Mimi na Shee tunaenda kufua."

Nikanunua sabuni za mche, nikafunga nguo zangu zote chafu. Tulifika Kipini, mahali mto wetu wa Tana unapomwagikia baharini, nikiwa nimepakata karai. Walipotoa mishipi na ndoana ndipo nikaelewa. Hata sikio lililozoea huteleza.

Safari hiyo ya kwanza tulikodi mashua ndogo, Shee akawa nahodha. Yahye alimtoa changu wa kwanza majini, akachomoa kisu, akauliza kibla kiko wapi. Shee akamweleza kwamba samaki hachinjwi, Mungu amekwisha mpasua shingoni tangu kuumbwa, tazama hayo matamvua. Yahye akasema yeye hali mzoga. Basi Shee akaigeuza mashua kuelekea kibla, upepo ukaigeuza tena, Shee akaigeuza, na Yahye amepiga magoti anamshikilia changu na kusema bismillahi kila mara tulipopita upande wa Makka. Changu alikufa kwa kizunguzungu kabla ya kuchinjwa.

Safari ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Alipata kolekole mnene, akamtazama, akamgeuza, akamuuliza Shee kama ni jike. Shee, ambaye hakutaka maneno, akasema ndiyo. Yahye akamtoboa pezi la mgongoni kwa alama ile ile wanayopiga ngamia wa ukoo wao, akamrudisha majini. Akasema mtu mwenye akili hali majike, huyu atazaa. Kwa siku zote tulizobaki Kipini alipita kwa wavuvi wa watu akiwauliza kwa adabu kama kuna aliyemwona samaki wake. Wale mabwana walimpa chai na kumkalisha kivulini. Walidhani jua limemwingia kichwani, nami sikuwa na nguvu za kuwabishia.

Lakini Yahye samaki alikula. Alikula, akalamba vidole, akarudi Garissa akinuka, na gari likanuka, na mchuuzi mmoja wa mbuzi akampelekea Ahmednoor habari. Mzee akaacha kumpa Yahye mkono. Wakikutana msikitini, mzee alivuta mkono wake ndani ya shuka.

Jambo hilo lingeweza kupita, ila kulikuwa na Bishara. Bishara binti Korane alikuwa na duka la vitambaa, na alikuwa amekwisha sema bila kuficha kwamba akiolewa ataolewa na Yahye. Yahye naye hakuwa na jingine kichwani. Baba yake Bishara hakumchukia Yahye, lakini kwa desturi yetu kijana hajiposei. Lazima mzee wake aende, akae mkekani, aombe. Mzee wa Yahye alikuwa mmoja tu, na huyo aliapa mbele ya watu: "Sitatia mguu kwa Korane kumposea mtu anayenuka maji." Korane akakasirika kwamba amedharauliwa. Akasema asipoombwa na Ahmednoor mwenyewe kabla ya Ramadhani, binti atampa mfanyabiashara wa Mandera aliyekwisha tuma wazee.

Nilimwona Yahye akikonda. Akawa anauza ngamia kwa bei ya mbuzi. Ndipo Shee, katika kumfariji, akamkumbusha kwamba papa kwa Kisomali ni simba wa bahari.

Yahye akasimama.

"Adeer anaheshimu mtu ya kuua simba," akaniambia. "Mimi nitaua simba ya bahari. Nitaleta kwa mlango yake. Ataona meno, atajua mimi si mtu ya kula wadudu, ataenda kwa Korane. Buya, tia mafuta."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikatia mafuta. Ilikuwa kiangazi kikali, mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino, na wakati huo Ahmednoor alikuwa amekwenda Diff kuangalia ngamia wake bila kumuaga mtu, kama kawaida yake.

Shee alitaka chambo cha samaki. Yahye akasema simba hali samaki, akatoa mkia mzima wa kondoo na mafuta yake yote. Nililicheka jambo hilo mpaka mshipi ulipokakamaa na mashua ikaanza kwenda yenyewe, kinyume, kuelekea India. Shee akapiga kelele ukatwe. Yahye akakataa. Akauzungusha mshipi kwenye mlingoti jinsi unavyomfunga ngamia mkaidi kwenye mti, akaanza kumsemesha yule papa kwa sauti ya kumtuliza ngamia anayefundishwa kubeba mzigo: huu, huu, huu. Mimi nilishika roho mkononi. Nilitapika upande wa kulia, nikahamia kushoto nikatapika tena ili mashua isiinamie upande mmoja, na mnyama yule akatuburura asubuhi nzima.

Alichoka yeye kabla ya Yahye. Nasema kweli, sijui mnyama yeyote ambaye angechoka baadaye. Tulipomvuta ubavuni, urefu wake ulimzidi Ahmednoor, na kinywa chake sitaki kukikumbuka. Wavuvi wa Kipini wakatusaidia kumtoa matumbo na kumjaza chumvi. Tukamfunga kwa shuka nyeupe za Yahye, kwa sababu hakukuwa na kitambaa kingine kirefu kiasi hicho, tukamlaza nyuma ya Land Rover na kumfunika turubai.

Tulipofika Garsen kesho yake asubuhi, Yahye alishindwa kungoja. Kulikuwa na duka lenye redio ya upepo, na mwenyewe alikuwa na sharti lake: majambazi walikuwa wengi barabarani, hataki kusikia redio yake ikipitisha maneno asiyoyaelewa, kwa hiyo kila mtu azungumze Kiswahili. Nilikuwa nje nikiziba pancha. Niliyasikia mazungumzo yote kupitia dirishani, kila zamu ikifungwa kwa "over" ya redio, na Mungu ni shahidi, nilisikia papa, papa, papa.

"Hallo Garissa. Hii ni Yahye. Ofa."

"Nakubata, Yahye." Alikuwa Qali, mwenye redio ya mtaani kwetu Waberi. "Uko wabi, walaal, ndugu yangu? Ofa."

"Garsen. Qali, sikia mzuri. Nilienda kufua. Nimefua baba. Ofa."

"Umefua nini? Ofa."

"Baba! Baba mkubwa! Mkubwa sana, wallahi. Alibigana asubuhi yote lakini amekufa. Ofa."

Redio ikakoroma. Qali akauliza kwa sauti ndogo, "Baba mkubwa amekufa? Ofa."

"Amekufa kabisa! Tumemtoa tumbo, tumemwekea chumfi asiharibike, tumemfunga na shuka. Tunamleta kwa gari. Ambia watu wote wakuje kwa nyumba ya adeer waone. Ambia Korane bia. Ofa."

Nilisikia Qali akisema innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun, na nikafikiri, mwanamke mcha Mungu huyu, hata samaki anamwombea.

Yaliyotokea Garissa niliyapata baadaye kwa Arbia, anayepika chai kwenye shughuli zote za Waberi. Anasema kilio kilianza kwa Qali na kabla ya adhuhuri kilikuwa mtaa mzima. Hakuna aliyeuliza Ahmednoor alifika vipi baharini. Ilijulikana: alimfuata kijana wake kumtoa kwenye samaki, wakagombana na kitu huko majini, akafa akipigana. Mzee kama yule angekufaje vingine? Habari ya tumbo ndiyo iliyowasumbua. Wazee walikaa wakijadiliana namna ya kumwosha maiti aliyetiwa chumvi, mmoja akisema chumvi itolewe kwanza, mwingine akisema iachwe, imekuwa sehemu ya marehemu. Mikeka ikatandikwa, kaburi likachimbwa, mbuzi wakachinjwa, wakalala wakitungoja.

Nasi tulikuwa njiani, tumesimamishwa Hola kungojea magari ya askari ya kutusindikiza.

Kesho yake asubuhi lori la mbuzi kutoka Diff likamshusha Ahmednoor Waberi. Alikuwa mwekundu kwa vumbi, kilemba amekivuta mpaka puani. Akakuta umati uani kwake. Akamuuliza mtu wa kwanza nani amefariki, akajibiwa kwa Kisomali, "Adeer wa Yahye." Sasa, Yahye alikuwa na adeer mwingine, ndugu mdogo wa Ahmednoor, aliyekaa Wajir. Mzee akaelewa kwamba ndugu yake amekufa na maiti analetwa hapa. Akakaa mwisho wa mkeka kati ya wageni, akajifunika uso, akalia.

Kwa hiyo alijililia mwenyewe, na Arbia anaapa kwamba alilia vizuri kuliko wote.

Arbia ndiye aliyemtambua. Alimpa chai, na kutoka ndani ya kile kilemba ikatoka sauti: "Hii ni chai au maji ya kuoshea sufuria?" Birika likamponyoka. Waberi nzima hakuna mwingine aliyewahi kumtolea maneno hayo, na amemtolea miaka yote. Akarudi jikoni akakaa juu ya gunia la mkaa, akafunga mdomo, maana nani angemsadiki kwamba maiti amekataa chai?

Huko mkekani watu walikuwa wakimtaja marehemu kwa wema, na kazi ilikuwa ngumu. Mmoja alisema alikuwa mkali. Wa pili akasema ni kweli, alikuwa mkali. Wa tatu akafikiri sana, akasema, "Alimlea yatima. Yahye hakulala na njaa hata siku moja. Hilo lina uzito mbele ya Mungu." Wote wakaitikia. Ahmednoor akainua kichwa, maana sifa hizo ndugu yake wa Wajir hakuwa nazo.

Kisha Korane akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, si ya unafiki. "Jamani, mimi na marehemu tulikosana kwa kiburi," akasema. "Nilimngoja aje aniombe binti yangu kwa ajili ya kijana wake. Angekuja siku moja tu, wallahi ningempa kabla hajakaa. Sasa nitamwambia nani?"

Sisi tulikuwa tunafika darajani. Askari wa kizuizi, Mkamba mmoja mpole, akainama dirishani na kusema, "Poleni sana kwa baba mkubwa. Tumesikia."

"Asante, afande!" Yahye akang'aa. "Mkubwa kweli. Unataka kuona meno?"

Askari akarudi nyuma hatua nzima. Nikaona kuna kitu hakiendi sawa, lakini kabla sijauliza, mzee mmoja wa soko la mifugo akaja mbio, akamshika Yahye kichwa kupitia dirishani na kumwambia kwa Kisomali kwamba adeer wake Ahmednoor amefariki, watu wako nyumbani tangu jana.

Sijapata kuona uso ukifa namna ile. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi nilikuwa nacheza na samaki." Akayarudia maneno hayo njia yote kutoka darajani mpaka Waberi, na mimi niliendesha siioni barabara kwa machozi. Tulimpenda mzee yule. Ubaya wake tulikwisha uzoea kama jua.

Uani akaruka gari halijasimama. "Adeer yuko wapi?" akalia kwa Kisomali. "Nionyesheni! Niacheni nimwone kabla ya kuzikwa!"

Watu wakatazamana. Sheikh akamshika bega. "Yahye, mwanangu, tulikuwa tunakungoja wewe. Si umekuja naye?"

"Nimekuja na nani?"

Watu wakadhani amepotewa na akili kwa huzuni. Vijana wakafungua nyuma ya gari, wakaona shuka nyeupe, wakasema laa ilaaha illallah, wakambeba kwa heshima kubwa mpaka kwenye kivuli. Harufu iliyotoka hapo siisemi. La kuvunda halina ubani. Sheikh akafunika pua kwa kilemba, akafunua upande wa kichwa, na papa akamtolea meno yote.

Sheikh alitazama kwa makini, kama mtu asiyetaka kumdhulumu marehemu. "Huyu," akasema hatimaye, "si Ahmednoor."

"Ahmednoor ni mimi!" ikatoka sauti mwisho wa mkeka. "Na Yahye nimemlea mimi, si ndugu yangu wa Wajir! Nani kasema nimekufa?"

Akasimama, vumbi jekundu kutoka kichwani mpaka miguuni. Sijui kama umewahi kuona matanga yakikimbia. Waliokuwa wakimlilia zaidi ndio waliotangulia kuruka ua. Shee, ambaye alinusurika vita vya Kismayu, nilimkuta chini ya Land Rover.

Yahye peke yake hakukimbia. Alimkimbilia. Hakuuliza kama ni mzimu au mtu. Alimwangukia kifuani akalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye ndevu, anarudia adeer, adeer, na Ahmednoor akasimama ameinua mikono juu asijue pa kuiweka. Mwisho akaishusha mgongoni kwa Yahye. Alinuka papa kutoka nywele hadi kucha, na mzee hakuondoa mkono.

Ilituchukua muda kuelewana. Qali aliletwa, akarudia maneno ya redio neno kwa neno. Mimi nikatafsiri, sikio langu likiwa limechelewa siku moja. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja na kukaa mbali kidogo. Ahmednoor akamzunguka yule papa mara moja, akachuchumaa, akagusa jino kwa kidole, akaangalia damu iliyomtoka kidoleni.

"Huyu umemuua wewe?"

"Mimi, adeer. Kwa ajili yako."

Mzee akanyanyuka, akawapita watu wote, akaenda mpaka alipokaa Korane, akakunja miguu na kuketi mbele yake mkekani.

Korane akaelewa linalokuja. "Ngoja kwanza, Ahmednoor," akasema upesi. "Maneno yale niliyasema kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu ni mimi," Ahmednoor akamjibu. "Nimekuja kumwombea mwanangu binti yako."